Domnica na Somo la Kukalia Mikono

Domnica Plugaru alikuwa mtunza makoti. Kwa miaka ishirini na saba alikaa kwenye chumba cha makoti cha shule ya mji wetu, chini kabisa, mkono wa kushoto ukiingia, nyuma ya kaunta ya mbao, akipokea makoti asubuhi na kuyarudisha mchana. Shule hiyo ina watoto mia nne na ushee, kuanzia darasa la kwanza hadi la kumi na mbili, na baridi kwetu huingia Oktoba na haina haya ya kukaa mpaka Aprili. Sidhani kama kuna mtu upande huu wa mto Nistru aliyeshika makoti mengi kumzidi. Hakuwahi kupewa cheti.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mumewe alishatangulia, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Ghenadie, ambaye mji mzima unamwita Ghena. Ghena naye alikuwa na miaka thelathini na sita, masharubu mazito na cheti cha ufundi umeme. Hakuwa mlevi wala mjinga, na redio iliyokufa akiishika inaongea. Ila soksi zake kila asubuhi alitolewa na mama yake, na yai la kuchemsha alimenyewa.

Mambo hayo yalianza Ghena akiwa na miaka minne. Mtu aliacha mlango wazi na dirisha wazi kwa wakati mmoja, upepo ukapita katikati, mtoto akapata homa ya mapafu, akalala hospitali siku arobaini. Kwetu watu hawafi kwa moyo wala kwa uzee. Wanakufa kwa upepo huo. Domnica alipomtoa mwanawe hospitali alimfunga kifungo cha juu kabisa cha koti, na tangu siku ile hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, hata mwenye koti. Ghena aliwahi kwenda Padova, Italia, kwa binamu yake kutafuta maisha, akadumu siku kumi na tisa. Alirudi na mafua, akasema kule hakuna wa kumwamsha.

Sasa, kiangazi kile daktari alimsikiliza Domnica kifua, akasikiliza tena, kisha akavua miwani.

"Moyo umechoka, mama," alisema. "Unaweza kwenda nao miaka kumi. Unaweza pia usifike Krismasi."

"Krismasi ipi?"

"Ndiyo nakwambia, sijui."

Domnica alitoka pale bila kuogopa kufa. Nafasi yake makaburini, pembeni ya mumewe, ilikuwa tayari na alishaipanda maua. Kilichomtesa ni jambo moja tu: siku atakayolala pale, nani atamwambia Ghena kwamba nje kuna baridi? Alilia njia nzima, akafika nyumbani, akamenya yai.

Oktoba shuleni ukaja mradi. Kijana kutoka mji mkuu alifika kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu namna ya kuwa walezi wa wale wadogo wa darasa la kwanza. Alikuja na kalamu za rangi na makaratasi makubwa, akawaambia wachore mti wa hisia zao. Walichora. Mmoja alichora mti umekatwa. Kijana yule akawapongeza wote, akaacha faili nene mezani kwa mwalimu mkuu, akapanda gari, na hajaonekana tena mpaka leo.

Mwalimu mkuu, Bi Zinaida, akaita kikao ili apatikane wa kuuendeleza mradi. Kila mwalimu alikuwa na sababu. Wa hesabu alikuwa na mgongo unaouma, wa jiografia alikuwa na nyuki wa kutunza. Basi Bi Zinaida akalibeba faili mpaka chini, kwenye makoti.

"Domnica, watoto wanakuogopa?"

"Wanaogopa kupoteza kibati cha namba."

"Inatosha," alisema Bi Zinaida, akaliweka faili kwenye kaunta.

Domnica alilisoma lote, mara mbili, polepole, kwa miwani. Alichoambulia ni kwamba wakubwa wawasaidie wadogo. Lakini yeye alikuwa ameona kwa miaka ishirini na saba jinsi wakubwa wanavyowasaidia wadogo. Huyu anavuta zipu, yule anakaza skafu, mwingine anashindilia kofia mpaka machoni, na mtoto amesimama tu kama gunia linalofungwa mdomo. Kesho yake gunia ni lile lile. Alijua habari hiyo vizuri, maana nyumbani alikuwa nalo moja lenye masharubu. Hilo hakulisema kwa mtu.

Jumatatu akawapanga wale wanafunzi wa madarasa ya juu, kumi na wawili, kwenye benchi refu, na mbele yao watoto kumi na wawili wa darasa la kwanza, kila mmoja na koti lake sakafuni.

"Kalieni mikono," alisema Domnica.

"Mikono ipi, shangazi?" aliuliza Otilia.

Otilia Gorea alikuwa wa darasa la kumi na moja, binti mrefu mwenye mdomo usiojua Jumapili. Walimu walimleta kwenye mradi ili angalau saa moja kwa siku aongelee mahali pengine.

"Hiyo uliyo nayo," alijibu Domnica. "Iweke chini yako, uikalie. Mtoto atavaa mwenyewe. Atakayemgusa mtoto, anaondoka. Mnaruhusiwa kusema neno moja tu: 'Sasa utafanyaje?' Basi."

"Hilo si neno moja."

"Otilia."

"Nimekalia, shangazi, nimekalia."

Siku hiyo ya kwanza kazi ilichukua dakika hamsini. Mtoto aliyepangiwa Otilia aliitwa Damian, miaka saba, mwenye kulabu namba kumi na nne, na alianza kwa kuvaa glavu. Baada ya glavu, vifungo vikagoma. Alimtazama Otilia. Otilia alikuwa mwekundu kwa kubana mdomo.

"Sasa utafanyaje?" alisema.

Damian alifikiri, akalala chali juu ya koti lake, akaingiza mkono mmoja. Glavu ikabaki ndani ya mkono wa koti. Aliposimama koti lilikuwa limegeuka, la ndani nje.

"Shangazi, nakufa," alinong'ona Otilia.

"Kufa umekalia mikono."

Nje ya geti walikuwa wanasubiri mabibi. Watoto wengi kwetu wanalelewa na bibi, wazazi wako Italia, wako Ujerumani, wanaonekana kwenye simu. Mabibi wale walisimama kwenye theluji dakika hamsini, na watoto walipotoka, mmoja buti la kulia liko mguu wa kushoto, mwingine kofia imeziba jicho, palizuka vurugu. Bibi Parascovia, bibi yake Damian, aliingia mpaka ndani na fimbo yake.

"Domnica! Unataka kuniulia mjukuu? Shingo yote iko wazi! Upepo ukimwingia je?"

"Amevaa mwenyewe, Parascovia."

"Naona! Kavaa kama mtu aliyetoroka kwenye moto!" Akamgeukia Otilia. "Na wewe jitu zima umekaa umemtolea macho. Mama yako anajua kazi unayofanya?"

"Anajua, bibi. Anasema ndiyo kazi yangu hata nyumbani."

Bibi Parascovia alimfunga Damian upya, juu mpaka chini, akamwongezea kitambaa chake mwenyewe, akaondoka naye. Kesho yake Damian alianza na koti, glavu baadaye. Akakosea kifungo kimoja tu. Otilia alisahau masharti akapiga kelele za furaha hadi mwalimu wa jiografia akatoka darasani.

Kila Ijumaa Domnica aliwakalisha wale kumi na wawili, na kila mmoja alieleza mtoto wake amefanya nini mwenyewe wiki hiyo. Otilia aliandika kwenye daftari, maana ndiye aliyekuwa na mwandiko. Hawakupongezana. Mtu alisema, "Wangu amefunga kamba za viatu," wengine wakatikisa kichwa kidogo, wakaenda kwa mwingine. Kufika Desemba wale watoto wote kumi na wawili walikuwa wanavaa kwa dakika tisa, na Bibi Parascovia alikuwa anamwambia kila mtu sokoni kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Krismasi Domnica aliifikia. Baada ya sikukuu akashikwa na homa, akakosa kazini siku mbili. Jumamosi mchana Otilia akabeba daftari na chupa ya supu ya kuku aliyopewa na mama yake, akaenda kumwona. Alibisha, hakujibiwa, akasukuma mlango.

Ndani alimkuta Domnica, macho mekundu kwa homa, shali mabegani, amesimama mbele ya mwanamume mrefu mwenye masharubu. Alikuwa anamfunga vifungo vya koti. Mwanamume alikuwa ameinua kidevu ili kile cha juu kifike.

Otilia alisimama mlangoni. Polepole akapeleka mikono yake nyuma.

"Shangazi," alisema, "huyu ni wa darasa la ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Ghena ndiye aliyejibu, kwa adabu zake zote.

"Mimi nilishamaliza shule. Naenda kuwapa kuku maji."

Akaenda kuwapa kuku maji, ambao walikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Domnica akaketi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni.

"Weka supu, uende," alisema.

"Shangazi, mimi sikutaka..."

"Nenda, Otilia. Na ufunge mlango, upepo."

Wiki iliyofuata alirudi kazini na hakumsemesha Otilia ila kwa lazima. Ijumaa ikafika. Walieleza mmoja baada ya mwingine, Otilia akaandika, na alipomaliza hakufunga daftari. Domnica akainama kutazama. Chini ya jina la Damian palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko mzuri: Ghenadie Plugaru, miaka 36, mlezi Domnica.

Domnica alichukua kalamu ili afute. Wote kumi na wawili walikuwa wanamtazama, wamekalia mikono. Yeye ndiye aliyewafundisha kutazama hivyo. Kalamu ikakaa hewani.

"Sasa utafanyaje, shangazi?" alisema Otilia, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha wowote.

Domnica akaweka kalamu chini. Kisha akawaambia. Aliwaambia habari za daktari, na za moyo, na za siku arobaini hospitalini, na kwamba usiku hapati usingizi kwa kuwaza soksi. Alisema yeye ndiye aliyemharibu mtoto wake, kwa mikono hii, na kwa mapenzi. Mmoja wa wavulana alianza kutafuta leso. Otilia akafunga daftari, mstari ule ukiwa haujafutwa.

Jumatatu asubuhi Domnica hakutoa soksi. Alikaa jikoni, mikono chini yake, akisikiliza droo zinafunguliwa na kufungwa chumbani. Baada ya muda mrefu Ghena akatokea, miguu mitupu.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umenikasirikia?"

Hilo hakuwa amelitegemea. Angeweza kuinuka, soksi zilikuwa droo ya pili, ni hatua sita.

"Sijakukasirikia, mwanangu," alisema. "Nakupenda vile vile. Soksi ziko humo ndani."

Ghena akarudi chumbani. Alitoka na moja ya bluu na moja ya kijivu.

Ijumaa hiyo, walipomaliza wote, Otilia akauliza, "Na Ghena?"

"Amevaa soksi," alisema Domnica. "Mbili."

Wakatikisa kichwa kidogo. Wiki iliyofuata Ghena alimenya yai, akala na maganda kiasi. Iliyofuata aliamka kwa saa ya kengele, saa mbili nzima baada ya kengele yenyewe, lakini aliamka. Halafu akapika mamaliga, huo ugali wetu wa njano, ukawa mgumu mpaka jogoo akaukataa. Wakaula wote wawili kwa jibini na achari ya nyanya, na Domnica akaomba kuongezewa. Kulikuwa na wiki moja ambayo hakufanya lolote, na Domnica akasema hivyo, "Hakuna," nao wakatikisa kichwa vile vile.

Mwishoni mwa Februari binamu yao wa mji mkuu akapiga simu. Wanaotengeneza lifti walikuwa wanatafuta mafundi wa kujifunzia kazini, bweni lipo, waanze Jumatatu. Ghena alikaa na hiyo simu mkononi.

"Mama, unasemaje?"

Domnica alisema lile neno lake moja. Ghena akafikiri siku nzima, akasema atakwenda.

Begi alilifunga mwenyewe. Domnica aliona kwamba hakuweka sabuni, akatoka kwenda kwa kuku ili asione zaidi. Jumatatu, basi lilikuwa la saa moja na nusu asubuhi, nje nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Kwetu hakuna anayetoka safari kabla nyumba nzima haijakaa kimya dakika moja, na ukishatoka ni mwiko kurudi ndani kufuata ulichosahau, ukirudi umeiharibu safari. Basi wakakaa, yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha, mwanawe juu ya begi. Ghena alishavaa koti. Vifungo vyote alivifunga, ila alikosea kile cha kwanza, kwa hiyo vyote vilikosea, na kola upande mmoja ilikuwa imepanda mpaka sikioni.

Mikono ya Domnica ilikuwa chini yake. Iliuma. Ghena alimbusu mashavu yote mawili, akashika begi, akatoka, na aliposikika kwenye geti ndipo mama yake alipoiona kofia. Ilikuwa kwenye kulabu, ile ya sufu ya kufunika masikio, aliyoifuma mwenyewe.

Alishtukia ameshaishika na mkono mwingine uko kwenye kitasa. Kituo cha basi ni hatua mia mbili tu. Kwa miaka thelathini na miwili angeshafika. Alisimama pale na pumzi zake, akamkumbuka Damian amelala chali juu ya koti, akarudi kwenye kiti cha dirishani. Akaikalia kofia pamoja na mikono.

Simu ikalia. Ikabidi atoe mkono mmoja.

"Mama, nimesahau kofia."

"Nimeiona."

"Siwezi kurudi."

"Huwezi."

Domnica alijua Ghena anasikiliza kitu gani. Anasikiliza mlango ufunguke na viatu vyake vikimbie kwenye theluji, kama siku zote.

"Sasa utafanyaje, Ghena?" alisema mama yake. Sauti haikumtoka vizuri, akairudia. "Utafanyaje?"

Ukasikika mngurumo wa basi, na mlango wa basi.

"Nimejifunga skafu kichwani," alisema Ghena.

"Utafanana na Parascovia."

"Nimeshafanana naye. Dereva ameniambia, 'Karibu, bibi.'" Akacheka, halafu akasema, "Loo. Vifungo navyo nimekosea, nimejiona kwenye kioo. Subiri." Simu ikakwaruza nguo, kifungo baada ya kifungo, moja, mbili, tatu, mpaka sita. "Tayari. Mama?"

"Nipo."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti."

"Cha dirishani? Toka hapo, kuna upepo. Na shali yako iko nyuma ya mlango, jifunge vizuri. Mimi sipo."

Domnica akainuka, akasogeza kiti mbali na dirisha, akaichukua shali nyuma ya mlango, akajifunga mpaka shingoni. Ndipo akalia, kwa nguvu, na simu bado iko sikioni.

"Umejifunga?" aliuliza Ghena.

"Nimejifunga," alisema mama yake.